Tausi Aliyegeuza Shingo

Mheshimiwa Liwali wa Mji, uliyeketi kwenye kiti hicho kwa niaba ya Kaisari wetu. Baba Askofu, uliyetusomea sala ndefu yenye baraka huku mwanakondoo akipoa. Bwana Eustratios, Mkaguzi wetu wa mizani na mihuri, ambaye hakuna sonara humu ndani asiyemwota. Bibi Evanthia, mjane wa jemadari wetu, uliyetuheshimu kwa kufika. Wazee wa chama cha masonara wa Barabara Kuu. Ndugu zetu wauza hariri, wauza manukato na watengeneza mishumaa, mliokuja kwa upendo, na wengine mliokuja kwa harufu ya nyama. Mabibi na mabwana: nawasalimu nyote.

Kwa wasionijua, na sidhani kama mpo wengi maana sauti yangu husikika mpaka bandarini, mimi ni Sisinio, na wenzangu wamenifanya mkuu wa chama hiki kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka kazi yenyewe. Nimesimama hapa kumuaga Mzee Leontios, ambaye leo anaiacha meza ya usonara. Meza yake na yangu zimetenganishwa na ukuta wa mbao, na ukuta wenyewe una nyufa. Tangu tukiwa vijana wenye nywele nimesikia nyundo yake, kikohozi chake na matusi yake, na mengi ya matusi hayo yalikuwa yananihusu mimi. Nikifua vizuri alinyamaza. Nikifua vibaya alicheka ili nisikie. Jamani, mtu wa namna hiyo akiondoka unamuaga kwa maneno gani?

Leontios, usininyooshee hiyo fimbo. Nitasema yote uliyonituma niseme, na mengine sikutumwa lakini nitayasema pia.

Mheshimiwa Liwali, anaondoka kwa sababu macho yake yamezimika. Haoni tena. Anaona mwanga wa mlango na anaona giza la watu wanaopita, basi. Na wewe unajua utaratibu wetu ulivyo. Sonara akiondoka, meza yake hukabidhiwa leo hii hii, mbele ya Liwali na mbele ya chama, kwa mtu ambaye Liwali amemkubali. Asipokubaliwa mtu, mlango unapigiwa misumari na moto unazimwa. Meza hiyo ilikuwa ya baba yake Leontios, na kabla yake ya babu yake. Leontios hakujaliwa mtoto wa kiume. Ana Thomais, yule pale karibu na nguzo, aliyevaa kitambaa cha kijivu na ambaye tangu tuanze kula hajagusa hata mkate. Ndiye anayeomba meza. Nami nimesimama kumuaga baba na kumwombea binti kwa pumzi moja, na nisipofanikiwa kesho nitaamka niusikilize ukuta ule nisisikie kitu.

Haya, najua wapo wanaonong'ona. Ndugu Kosma, sonara mwenzangu, nimekusikia tangu supu. Umesema mwanamke hawezi kustahimili moto. Na nyumbani kwako nani anapika, Kosma? Askari wa Kaisari?

Lakini kabla sijafika huko naomba tuulizane jambo moja, maana nimelifanya maisha yangu yote na bado linanishangaza. Kwa nini tunaweka wanyama kwenye dhahabu? Dhahabu yenyewe inatosha. Ing'arishe tu, mtu atainunua. Kwa nini basi mke wa baharia anakuja dukani kwangu akiwa bado na harufu ya chumvi, anakataa maua, anakataa zabibu, anasema, "Nitengenezee pomboo, Mzee Sisinio, yule anayembeba mtu aliyezama"? Kwa nini mama aliyezika watoto wawili anataka njiwa kwenye herini zake, na anataka njiwa wawili, na ukimwonyesha wenye mabawa yaliyofungwa anakwambia, "Hapana, hawa wawe wanaruka"? Kwa nini mtu aliyebatizwa uzeeni alinishika mkono akaniomba ayala anayekunywa kwenye chemchemi, na nilipommalizia kidani chake akambusu yule ayala mdomoni mbele ya wateja?

Sijui kama nyinyi mnalala vizuri baada ya kazi za namna hiyo. Mimi silali. Nashika kipande kile kidogo kuliko kucha ya kidole gumba, kina simba ndani yake, na simba ananitazama, na ninaogopa kwelikweli. Nimemtengeneza mimi mwenyewe kwa tindo langu, na bado ninaogopa. Nani alimtia uhai yule? Si mimi. Mimi nilikuwa nawaza chakula cha mchana.

Na katika wanyama wote hao, hakuna anayetutesa na kututukuza kama tausi. Nyote mnajua kinachosemwa, kwamba nyama yake haiozi, kwamba huangusha manyoya yake yote ya fahari akabaki kama kuku wa maskini, kisha yakaota upya mazuri kuliko ya kwanza. Ndiyo maana tunamweka pande mbili za kikombe cha uzima, wawili wakitazamana, midomo karibu na maji. Nilipokuwa mwanafunzi nilitaka kuhakikisha habari ya nyama. Nikapata kipande kutoka jikoni kwa tajiri mmoja, nikakiweka kwenye sahani nyuma ya mvukuto, nikangoja. Baba Askofu, nisamehe. Sitaeleza ile harufu mbele ya wageni. Lakini niliporudi mezani nikamwona tausi wa dhahabu wa mwalimu wangu yuko vilevile, shingo juu, na nikaelewa kwamba wa kwenye sahani si yule tunayemfua sisi.

Sasa sikilizeni namna tunavyomfua, maana habari yangu yote imekaa hapo. Tunakata kiolezo cha ngozi chenye umbo la tausi mmoja tu. Tunakilaza juu ya bamba la dhahabu upande wa kulia wa kikombe, tunakifuatisha kwa ncha ya chuma. Kisha tunakigeuza kile kiolezo, upande wa juu unalala chini, tunakilaza upande wa kushoto, tunafuatisha tena. Ndege mmoja anakuwa wawili, wanatazamana. Geuza! Masonara wanacheka, wageni hawajui kwa nini. Ni kwamba hilo ndilo neno la kwanza tunalofundishwa. Mwalimu wangu alilitanguliza mbele ya salamu. Unaingia asubuhi, unatoa shikamoo, yeye anajibu, "Umegeuza?" Kwa sababu usipogeuza, ndege wote wawili wataelekea upande mmoja, na wa pili atakipa kikombe cha uzima kisogo. Atakuwa anaondoka. Na hakuna mtu anayelipia tausi anayeukimbia uzima.

Bibi Evanthia, umeniruhusu niitaje bangili yako, nami naanza kuitaja.

Mnaukumbuka mwaka ule. Binti yake Bibi, Anthusa, alikuwa ameposwa na mtoto wa mfalme wa kaskazini, ng'ambo ya Bahari Nyeusi, huko ambako mito inaganda watu wakatembea juu yake. Hakuulizwa kama anataka. Mabinti wa majemadari hawaulizwi. Meli zilikuwa ziondoke kabla ya Sikukuu ya Msalaba, kabla bahari haijachafuka. Bibi Evanthia akaja kwa Leontios akiwa amebeba bangili yake mwenyewe ya arusi, aliyovishwa na mama yake, akasema, "Iyeyushe. Dhahabu hii hii, isiongezwe wala isipunguzwe. Mtengenezee mwanangu tausi wawili na kikombe." Leontios akamuuliza, "Bibi, una hakika?" Akajibu, "Mimi siendi naye. Angalau hii iende." Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta, na nilishika nyundo yangu nisiipige mpaka alipotoka.

Basi Leontios akaifanya kazi ile. Mmeiona kazi yake ya kutoboa? Wageni, siwezi kuieleza vya kutosha. Anachukua bamba jembamba, analitoboa kwa keekee tundu moja moja, halafu kwa tindo anakula dhahabu katikati ya matundu mpaka kinachobaki ni uzi tu, jani tu, unyoya tu. Ukiiinua mbele ya dirisha mwanga unapita, na ndege yule anatua ukutani. Nakwambieni nimemwona akitua ukutani, manyoya yote, na mteja mmoja akainua mkono kumfukuza. Kazi ya namna hiyo haina kurudi nyuma. Ulichokula kimeliwa. Na desturi yetu ni kuanza na mkia, tukaja mgongoni, tukamaliza na kichwa, kwa sababu mkia una kazi nyingi na mkono ukiwa mpya unavumilia.

Siku ile jua lilikuwa kali, saa sita mchana, mlango wa duka uko wazi. Zilikuwa zimebaki siku chache meli ziondoke. Nikasikia sauti ya Thomais kupitia ufa, tulivu kabisa, kama anayeuliza bei ya vitunguu.

"Baba, huyu anakwenda wapi?"

"Nani?"

"Huyu ndege wa pili."

"Anakwenda kunywa. Kwani tausi wa kwenye bangili huenda wapi kwingine?"

"Kikombe kiko nyuma yake, Baba."

Nyundo yake ikasimama. Masonara wenzangu, mnajua maana yake. Niliacha mvukuto wangu nikaingia bila kubisha hodi. Leontios alikuwa amelishika bamba karibu na pua, analigeuza huku, analigeuza kule. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya. Akafumba macho, akapapasa kwa kidole. Akapapasa ukingo wa kikombe, akasogea kushoto, akitafuta mdomo wa ndege. Akakuta mkia. Mkia mzima, umetobolewa tayari, mzuri ajabu, kila unyoya na jicho lake, na mgongo, na bawa, na miguu miwili inayopiga hatua kwenda zake. Hakuwa amekigeuza kiolezo. Leontios! Yeye aliyewahi kunirushia tupa kichwani kwa sababu nilisahau kugeuza!

Akaniambia, "Sisinio, mwanga leo ni mbaya."

Mheshimiwa, nimekwisha kusema ilikuwa saa sita mchana na jua lilikuwa kali. Nilimtazama Thomais, na yeye alinitazama, na hapo ndipo sote wawili tulipojua habari ya macho yake. Niliona uchungu ambao hata leo nikiukumbuka naomba maji. Mnisamehe kidogo.

Nikasema tuyeyushe tuanze upya. Leontios akanifokea, "Kwa siku ngapi zilizobaki, wewe punguani? Kutoboa ni majuma, si siku!" Nikasema tumwombe Bibi achukue herini. Akanifokea tena, na safari hii alikuwa na haki, kwa sababu ile ilikuwa bangili ya mama yake mtu. Akakaa chini kwenye kigoda, akaweka mikono magotini, akasema, "Nimemharibia mtoto wa watu safari yake." Sikuwahi kumwona mdogo namna ile.

Thomais alikuwa bado ameinamia bamba. Akasema, "Shingo haijakatwa."

"Nini?"

"Shingo na kichwa, Baba. Hujafika huko. Hiyo dhahabu bado ni nzima, mpaka juu ya mgongo. Shingo bado ni yetu."

Akachukua tindo. Leontios akanyanyuka. "Weka chini! Nani kakwambia ushike hilo tindo? Unataka kukata bila kiolezo? Hata mimi sikati tausi bila kiolezo!"

"Na kiolezo kimetufikisha wapi?" akajibu. Hakuwa na adabu hata kidogo, nawahakikishia, na mpaka leo hana. "Kaa, Baba. Amu Sisinio, simama mlangoni uzibe watu, lakini mwanga uache upite, na tafadhali usiseme kitu."

Mimi! Nisiseme kitu! Nilisimama mlangoni nikafunga mdomo, na wanaonifahamu watakiri kwamba huo nao ni muujiza wa siku ile.

Akaanza. Aliitoa shingo ile kifuani pa ndege, akaiinua, akaipinda. Hakuipinda ghafla. Aliirudisha taratibu juu ya bega, juu ya bawa, juu ya mgongo wote ambao baba yake alikuwa ameutoboa, akaishusha, mpaka mdomo ukafika ukingoni mwa kikombe ukagusa maji. Miguu inaondoka. Kifua kinaondoka. Kichwa kimerudi kunywa. Alipofika kwenye jicho la ndege, alilitoboa kwa keekee ndogo kabisa, akapuliza vumbi, akaliinua bamba mlangoni nilipokuwa nimesimama, na yule tausi akaniangukia kifuani kwenye shati langu, mwanga mtupu, anaondoka huku anaangalia nyuma.

Nililia. Ndiyo, Kosma, nililia, na wewe ungelia. Nimewaona tausi mamia kwa mamia katika maisha yangu, wamesimama wakitazamana kama walinzi wa lango, na niliwapenda. Lakini huyu alikuwa na jambo la kusema. Nilihisi kwamba hao wengine wote walikuwa wanamngoja. Leontios akauliza, "Imekuwaje? Imekuwaje? Mbona hamsemi?" Binti yake akamshika kidole, akakipitisha juu ya ile shingo, kutoka kifuani, kuzunguka, hadi kikombeni. Akakipitisha mara ya pili. Leontios akanyoosha mikono. Alimshika kichwa binti yake kwa mikono miwili akakaa hivyo muda mrefu.

Kisha akaja Bwana Eustratios na mhuri wake. Bwana Eustratios, naona umejiinamia, usijali, sitakuumiza sana. Ulisimama pale ukasema kwa ile sauti yako ya kanisani, "Tausi mmoja amekipa kikombe kisogo. Jozi haikamiliki. Siwezi kuipigia mhuri." Kwa utaratibu ulikuwa na haki. Thomais akakuuliza, "Bwana Mkaguzi, umetazama miguu. Kichwa je, umekitazama?" Nawe ukafungua kinywa ili umrudi, na ndipo Bibi Evanthia alipoingia pamoja na Anthusa.

Nataka kila mtu humu amwone yule msichana kama nilivyomwona. Tangu aambiwe kuhusu posa alikuwa hasemi. Anakula akilishwa, anakwenda akipelekwa. Mama yake alikuwa anamshika mkono kama mgonjwa. Wakamwonyesha bangili, na mimi moyoni nasema, Mungu wangu, sasa itakuwaje. Akaitazama. Akaweka kidole chake juu ya ndege wa kwanza, akakiondoa. Akakiweka juu ya wa pili, akakiacha hapo.

"Huyu anaondoka," akasema.

Bibi Evanthia alishtuka, kwa sababu alikuwa amesahau sauti ya mwanawe.

"Ndiyo, anaondoka," Thomais akamjibu.

"Wamemlazimisha?"

"Mimi sijui. Miguu yake inakwenda tu."

"Na maji anakunywa vipi kama anaondoka?"

"Mtazame. Amegeuza shingo."

Anthusa akaitazama tena, halafu akanyoosha mkono akasema, "Nivalishe, Mama. Nivalishe wewe." Na Bibi, ulimvalisha, na mkaanza kulia nyote wawili mpaka mapazia ya duka yakatikisika, na nilimsikia akikuambia, "Nitakuwa ninaangalia huku. Kila siku nitakuwa ninaangalia huku." Nyinyi mnaotuuliza kwa nini tunaweka wanyama kwenye dhahabu, mimi sina jibu jingine. Msichana yule hakuwa na neno la kumwambia mama yake. Ndege alikuwa nalo.

Bwana Eustratios, wakati huo wewe ulifanya nini? Wengine hawajui, waambie. Basi nitawaambia mimi. Alitoa mhuri mfukoni, akaupiga, akatoka nje bila kuaga, na nilipochungulia nikamwona amesimama nyuma ya gari la samaki wa chumvi, anajipangusa pua. Mungu akubariki, bwana wewe.

Anthusa alikwenda. Wafanyabiashara wa manyoya wanaorudi kutoka huko wanatuambia kwamba hajaivua ile bangili, na kwamba watu wa kaskazini hawajapata kumwona tausi akiwa hai, kwa hiyo wanaamini ni ndege wa Mji wetu peke yake, ambaye hawezi kutembea bila kuangalia kwao. Watoto wa huko wanacheza mchezo wa kumwiga. Fikirini jambo hilo. Huko kwenye theluji, mtoto ambaye hajui hata jina la Mji huu, anatembea huku amegeuza shingo.

Na Mji mzima ulimsifu nani? Ulimsifu Leontios. "Mikono yako ibarikiwe, Mzee Leontios!" Wateja wakapanga foleni kutaka tausi wa namna ile. Naye alipokea sifa, akanyamaza, na tangu siku ile kazi zote mlizozisifu zilizotoka kwenye meza hiyo, tai wa Baba Askofu kwenye msalaba wake, samaki wa kwenye pete ya arusi ya binti wa Kosma, ndiyo Kosma, shikilia kikombe chako kisianguke, zote zilikatwa na mkono wa Thomais, huku baba yake ameketi pembeni akipapasa na kumwambia hapa pana ukali, hapa punguza. Kila kitu alichokijua amekipitisha kwenye vidole vya yule binti. Msinielewe vibaya, hakumwibia. Aliogopa. Aliogopa kwamba mkijua, mtaipigia misumari meza kabla binti hajaiva. Nani kati yetu angesema alikosea kuogopa?

Juma lililopita akaja upande wangu, akipapasa ukuta, akasema, "Sisinio, siku ya kuniaga usinisifu kwa yule tausi." Nikamwambia, "Basi sema mwenyewe." Akasema, "Nikisema mimi nitalia. Wewe una mdomo mpana, sema wewe. Sema nilisahau kugeuza. Sema kwa sauti." Mabwana, kuna sonara gani mwingine Barabara Kuu nzima anayeweza kutuma ujumbe wa namna hiyo siku ya kuagwa kwake? Mimi siwezi. Kwa kazi zake nilimheshimu, kwa hilo namsujudia. Leontios, ndugu yangu, adui yangu, jirani yangu, hujawahi kufua kitu kikubwa kuliko hicho, na nakuaga nikiwa nakuona mkubwa kuliko wote waliowahi kukaa kwenye barabara ile.

Bibi Evanthia, naona umesimama. Tafadhali, usilie, mimi nitashindwa kumaliza.

Mheshimiwa Liwali, nageukia kwako. Utaratibu unataka mambo matatu kwa anayeomba meza: awe mtu anayejulikana, awe na wa kumdhamini wasio wa damu yake, na awe fundi. Anajulikana, muulizeni yeyote aliyewahi kubishana naye kuhusu bei ya makaa. Ufundi wake nimeusema, na umo shingoni na vidoleni mwa nusu ya waliokaa humu. Kuhusu wadhamini, wa kwanza ni mimi. Masonara, nani mwingine? Inueni mikono, Mheshimiwa aione. Naam. Naam. Petro, Mzee Anastasi, ndugu wawili wa mlangoni. Bwana Eustratios, wewe si sonara, shusha mkono, lakini asante sana. Na huyo nani kule mwisho? Kosma! Mbona mkono umefika nusu tu? Unakuna kwapa au unadhamini? Inua! Haya, umefika.

Mheshimiwa anamnong'oneza karani wake. Tulieni. Wauza hariri, acheni vikombe kidogo.

Mheshimiwa anasema ameona mikono. Anasema meza haipigiwi misumari. Ngojeni, msishangilie bado, hajamaliza. Anataka mwenye meza ya zamani amtaje mwenye meza mpya, jina na kazi, kwa kinywa chake, kama afanyavyo kila sonara anayeondoka. Leontios, simama. Mshikeni mkono. Liwali yuko mbele yako, kidogo kuume, hapo hapo. Sema, ndugu yangu. Hapana, kwa sauti, bwana wewe, watu wa mlangoni nao wana masikio.

Mmesikia? Amesema, "Thomais, sonara." Hakusema binti yangu, wala hakusema wa kwangu. Amesema sonara, na sauti haikutetemeka.

Basi mimi sina la kuongeza, na kwa mara ya kwanza maishani sitaki hata kulitafuta. Mheshimiwa Liwali, Baba Askofu, wageni wetu na masonara wenzangu, asanteni sana kwa kunivumilia na kunisikiliza. Sasa sogezeni viti vyenu, fundi anapita.